Chapuchapu na Tope la Chelezoni

Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakumsubiri mkunga. Mkunga alikuwa bado mlangoni anavua viatu, na mtoto alishafika, analia kwa hasira kama mtu aliyecheleweshwa. Tangu siku hiyo hakulisubiri jambo lolote. Alikimbia kabla hajajua kutembea vizuri, na kovu la kwenye paji la uso alibaki nalo hadi uzeeni. Shuleni alikuwa wa kwanza kukusanya karatasi ya mtihani, na alama alizopata zililingana na muda aliotumia. Alipotaka kuoa, wajumbe aliowatuma walikuwa bado sebuleni kwa watu wanakunywa maji, wanatafuta maneno ya kufungulia mazungumzo, yeye akapiga hodi mwenyewe kuuliza wamefikia wapi. Msichana aliyekuwa chumba cha pili aliangua kicheko, na baba yake akasema basi, kama binti anacheka hivyo, nani atamzuia.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na huko ndiko lilikokaa. Bandarini, mtaani na nyumbani watu walimwita Chapuchapu, na yeye aliitika kabla hujafika silabi ya mwisho.

Kazi yake ilikuwa kuendesha winchi kwenye pantoni la kuchimbia bandari. Bandari ina ugonjwa wa kujaa. Mto unaleta tope, mvua inaleta tope, tope linalala chini, na meli kubwa zinaanza kugusa. Kwa hiyo kulikuwa na pantoni pana la chuma, juu yake winchi, na kwenye waya wa winchi lilining'inia koleo kubwa lenye taya mbili ambalo wafanyakazi waliliita Domo. Domo hushuka limeachama, huuma tope, hufumba, hupanda, na kutapika kwenye tishari lililofungwa pembeni. Tishari likijaa, boti hulivuta hadi nje kidogo ya lango la bandari, hulifungua tumbo, na tope likazama huko.

Waendesha winchi wengine walifanya kazi hiyo kama watu wanaolipwa mshahara. Chapuchapu aliifanya kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu na anasikia mwenye nyumba anarudi. Domo liliyapiga maji kofi, likazama, likaibuka limejaa hadi linamwagika, na kabla maji hayajamaliza kuchuruzika lilishageuka kurudi. Maji yote ya gatini yakawa meusi, na hakuna aliyejali, kwani bandari yenye maji meusi ilikuwa ishara kwamba watu wako kazini. Alipewa vyeti vya mfanyakazi bora hadi mke wake akakosa ukuta wa kutundika picha za harusi za watoto.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti ni kwamba tope halikuwa na safari. Lilimwagwa nje ya lango, mkondo ukalichukua, ukalizungusha kidogo, na msimu uliofuata limerudi pale pale. Chapuchapu alitumia ujana wake na sehemu kubwa ya utu uzima kuchimba tope lile lile, na kila mwaka akasifiwa kwa kulimaliza. Yapo madonge ya tope aliyokutana nayo mara nyingi kuliko alivyokutana na baadhi ya ndugu zake.

Kona moja tu haikuguswa. Ilikuwa chini ya chelezo la zamani, pale meli zilipopandishwa kukwanguliwa na kupakwa rangi upya. Rangi ya zamani, kutu, mafuta machafu na vumbi la madini ya risasi vilianguka sakafuni, na jioni vijana walipewa mafagio wavisukumie majini. Chapuchapu alianzia hapo maisha yake ya kazi. Alifagia kwa kasi iliyomshangaza msimamizi, sakafu ikawaka, msimamizi akasema kijana mwenye mkono kama huu asipotezwe kwenye ufagio, na hivyo ndivyo alivyopandishwa kwenye winchi. Chelezo lilifungwa baadaye. Kilichofagiwa kilibaki chini, kinasubiri.

Siku ya kukitafuta ilipofika, alikuja Injinia, mwanamke mdogo kwa umri kuliko binti wa Chapuchapu, mwenye viatu vya mpira vilivyomzidi saizi na sauti isiyopanda. Aliyachota matope ya kona ile kwa bomba jembamba, yakapelekwa kupimwa, na majibu yakawa ya kutisha. Tope lile lilikuwa na sumu, na bandari ilitaka kujenga gati jipya hapo hapo. Ilibidi lihame. Kulimwaga nje ya lango haikuwezekana, maana lingerudi, tena limewapitia samaki njiani. Kulipeleka nchi kavu kulijaribiwa kwa mazungumzo tu, na kila mtaa uliotajwa uligundua ghafla kwamba una watoto wengi kuliko mitaa mingine. Mwishowe ikaamuliwa lichimbwe shimo kubwa hapo hapo chini ya maji, kwenye pembe iliyotulia isiyopitiwa na meli, tope la sumu litiwe humo, kisha lifunikwe kwa tabaka nene la mchanga safi uliotoka kwenye shimo lenyewe.

Chapuchapu aliposikia mpango huo alicheka hadi akashika mbavu. Akamuuliza Injinia mbele ya wenzake kama ameelewa sawasawa: wanalitoa tope chini ya maji, wanalizungusha, halafu wanalirudisha chini ya maji.

"Yaani tunalihamisha chumba," alisema.

"Tunalihamisha chumba, mzee, halafu tunafunga mlango," Injinia akajibu. "Ila njiani lisiamke."

Hapo kwenye kutoamka ndipo palipokuwa na kazi. Domo la zamani liliondolewa, likaletwa jipya lenye mpira kwenye taya, linalofumba kama mdomo wa mtu aliyesusa. Tope lilitakiwa kuchotwa taratibu, kupandishwa taratibu, na kule shimoni kushushwa taratibu zaidi, hadi Domo linakaribia kugusa chini, ndipo lifumbuliwe kidogo kidogo. Pantoni lilizungushiwa pazia la turubai lililoning'inia majini kutoka kwenye maboya. Na nje ya pazia lilikaa boya moja la manjano lenye jicho la kioo lililokuwa linayatazama maji mchana kutwa. Maji yakichafuka kupita kiasi, boya lilipeleka habari, king'ora kikalia ndani ya kibanda cha winchi, na kazi yote ikasimama hadi maji yang'ae tena.

Siku ya kwanza Chapuchapu alikalia kiti chake, akatema mate kwenye viganja kama desturi yake, akashika mikono miwili ya winchi. King'ora kililia kabla wenzake hawajamaliza kuvaa kofia. Wakasubiri. Maji yakatulia, akaanza tena, kikalia tena. Ikawa hivyo wiki nzima. Mabaharia wa boti walijifunza kulala katikati ya milio, mpishi wa pantoni akawa anaivisha chakula kwa kufuata king'ora, na yule mtu mwenye kasi kuliko wote katika historia ya bandari akawa anaendesha kazi ya polepole kuliko zote zilizowahi kuonekana, kwa kuwa muda mwingi alikuwa amekaa tu anayaangalia maji yakitua.

Siyo kwamba hakujaribu. Alijikaza kisabuni. Alijiambia polepole, akajitajia neno hilo kwa kunong'ona huku Domo linashuka, ila mkono ulikuwa na akili yake. Ulipoona waya unalegea ulisukuma, kama unavyosukuma mlango wa nyumbani kwako bila kufikiri.

Meneja wa bandari alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa suti nyepesi na tabasamu la kukopesha, anayejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alianza na vyeti, akasifu miaka ya utumishi, kisha akasema labda mkono wa mzee umechoka. Akakumbusha kwamba mkwewe Chapuchapu, mume wa binti yake mkubwa, naye ni mwendesha winchi, yuko gati la makontena, na anaweza kuhamishwa wakati wowote.

Chapuchapu alitoka pale amevimba. Mkono umechoka! Shida ilikuwa kwamba haukutaka kuchoka. Na huyo mkwe, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa kelele na makofi ya begani, hadi naye akawa na kasi ya kusifiwa. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kiti. Kiti kile kilikuwa na mto ulioshonwa na mke wake, uliobonyea kwa umbo lake yeye na si la mtu mwingine. Bado kidogo tu astaafu, na alitaka kuinuka hapo mwenyewe, siku ya mwisho, akiwa na kofia mkononi. Aliwaona kila asubuhi wastaafu waliokaa benchi la nje ya geti la wafanyakazi, wanasubiri mtu atoke awaulize jambo la zamani, na hakuna aliyeuliza. Aliogopa benchi lile kuliko alivyoogopa kaburi. Bila kiti hakujua angekuwa nani.

Nyumbani aliingia kwa kishindo, akafika jikoni, akachukua kikombe na kukitosa kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa kwenye kona. Akanywa, akakunja uso, akalalamika kwamba maji ya nyumba hii siku zote yana mchanga.

Mke wake alikuwa anakatakata vitunguu. Aliweka kisu chini.

"Yana mchanga ukinywa wewe," alisema. "Sisi wengine tunakunywa maji safi."

Akamweleza, bila hasira, kitu ambacho kila mtu nyumbani alikijua isipokuwa yeye. Maji ya bomba la mtaa ule yalitoka na uchafu. Mke huyakinga asubuhi, huyaacha yatulie, na uchafu hulala chini ya ndoo. Watoto tangu wadogo walijua kuingiza kikombe kwa ubavu, juu juu, kama unamfunika mtu aliyelala. Kisha baba anarudi kazini, anatosa kikombe hadi kinagonga chini, anakunywa tope lake, anaondoka, na ndoo nzima inaanza upya. Kila siku tangu waoane mke amekuwa akiyasubiri yale maji mara mbili.

Chapuchapu alimtazama, akaitazama ndoo. Aliuliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Mke akasema alimwambia, mara nyingi tu, ila kila alipofika katikati ya sentensi mume alikuwa ameshafika barabarani.

Jioni ile, badala ya kwenda kupiga soga, Chapuchapu alikaa kwenye kigoda mbele ya ndoo kama mgonjwa. Alishusha kikombe. Uchafu ukaamka. Mke akamwambia asubiri. Akasubiri, mguu unamtikisika. Akashusha tena, uchafu ukaamka tena. Mke akaendelea na mapishi yake, anamruka akipita kufuata chumvi, na kila baada ya muda anachungulia ndani ya ndoo na kutikisa kichwa. Wajukuu walikuja kushangaa, wakafukuzwa, wakarudi kuchungulia dirishani. Mwishoni Chapuchapu alifaulu kujaza kikombe bila kuamsha chochote, akakinywa, na akakiri kwamba maji yalikuwa matamu. Lakini alijijua. Kesho yake mkono ungesahau.

Ndipo mke akachukua mwiko wake mkubwa wa kusongea, uliokuwa umeanza kupasuka mpini, akamwambia aukate mpini huo aupachike mahali pa kuuzuia mkono wake. Alisema hivyo kama mzaha. Chapuchapu hakuuchukua kama mzaha. Asubuhi alifika pantoni na kipande cha mti kilichochongwa vizuri, akakifunga kwa waya chini ya ule mkono wa winchi unaoshusha Domo, hivi kwamba hata angesukuma kwa nguvu zote za ukoo wake, mkono usingevuka nusu ya njia.

King'ora hakikulia asubuhi hiyo. Hakikulia mchana. Mpishi wa pantoni aliunguza chakula kwa kukosa alama.

Na sasa kikaja kitu kipya. Domo lilipokuwa linashuka kwa mwendo ule wa kinyonga, Chapuchapu alianza kuhisi mambo kupitia waya ambayo hakuwahi kuyahisi. Alihisi pale maji yanapobadilika uzito. Alihisi Domo linapoigusa ngozi ya tope kabla halijazama ndani. Miaka yote alikuwa akiipiga sakafu ya bahari kama ngoma, na hakujua kwamba ni laini. Jambo hilo lilimgusa moyo kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu, kwa hiyo akamweleza kila mtu.

Mtu ambaye angedhani kwamba kupunguza mwendo kutamtuliza alikosea sana. Alikuwa na majivuno ya kasi, sasa akawa na majivuno ya polepole, na haya yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalichukua muda mrefu kuyasikiliza. Alimfundisha mke wake kukata vitunguu taratibu. Alimsimamisha jirani anayewahi kazini kumweleza uzuri wa kutowahi. Chakula alikitafuna hadi wajukuu wakawa wanasinzia mezani wakimsubiri amalize ili watoe vyombo. Mkwe alipokuja kusalimia, Chapuchapu alimweka mbele ya ndoo ya maji na kumpa kikombe. Mkwe, kijana mwenye adabu, alitosa kikombe kwa mkono aliofundishwa na huyo huyo mzee, akaambiwa hana hekima. Alimeza maneno yake pamoja na mchanga.

Miezi ikaenda. Tope lote la chelezoni lilihama chumba bila kuamka. Ikabaki mlango, yaani mchanga wa kufunika, na hapo ndipo utaratibu ulipotakiwa kuliko mwanzo. Injinia alieleza kwamba tope lililo shimoni bado ni laini kama uji. Ukiumwaga mchanga juu yake kwa kishindo, mchanga utazama katikati na sumu itapanda pembeni. Ulitakiwa kunyunyizwa kama unga juu ya ubao, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba. Chapuchapu aliposikia hayo alitabasamu kama bwana harusi.

Lakini kazi ya polepole ina adui mmoja, naye ni tarehe. Meneja alikuwa ameshamwalika mgeni rasmi. Turubai za sherehe zilishaagizwa, viti vilishakodiwa, na kibao cha shaba kilishachongwa tarehe, nacho hakikuweza kufutwa. Siku hiyo mgeni angeshuhudia Domo likishusha mchanga wa mwisho, apige makofi, aondoke. Meneja alipanda pantoni, akaliangalia Domo linavyoshuka, akaangalia saa yake, akaliangalia Domo tena. Kwa mwendo ule, alisema, mgeni rasmi angefika na kukuta nusu ya shimo iko wazi. Injinia alimwambia basi tarehe isogee. Meneja akacheka kwa upole na kumtuma Injinia mji mwingine kwenye mkutano muhimu sana ambao ulikuwa umeitishwa asubuhi ile ile. Kisha akaagiza boya la manjano lizimwe kwa ajili ya matengenezo.

"Mzee," akamwambia Chapuchapu, "wewe si ndiye yule wa vyeti? Rudisha ule mkono wako wa zamani. Kwa siku hizi chache tu."

Chapuchapu alikitazama kile kipande cha mti chini ya mkono wa winchi.

"Ule mkono sina tena," alisema.

"Mzee, usinitanie."

"Sikutanii. Tope hili nililifagia mimi humu ndani, kwa haraka, nikasifiwa. Nimelitoa. Sasa unataka niliamshe kwa haraka, nisifiwe tena. Mtafute mwingine."

Hapo hapo akajua alichokifanya. Alikuwa amejifunza polepole ili asinyang'anywe kiti, na sasa ananyang'anywa kiti kwa sababu ya polepole. Angeweza kurudisha maneno yake, Meneja alimpa nafasi, alisimama pale mlangoni mwa kibanda akimsubiri. Chapuchapu aliinuka. Alikuwa na kofia mkononi kama alivyopanga siku zote, ila hakuna aliyepiga makofi, na mto aliousahau kitini ulibaki na umbo lake.

Mkwe alihamishwa kutoka gati la makontena siku hiyo hiyo. Jioni alikuja nyumbani, hakupita sebuleni, akabaki amesimama ukumbini na kofia kifuani. Binti alikuwa ametangulia, macho mekundu, amekaa jikoni na mama yake. Mkwe alisema hakuomba kiti kile. Alisema akikataa ataletwa mwingine kutoka nje ambaye hata hajui tope lina nini, na yeye atakuwa amejifukuzisha bure.

Chapuchapu alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lenyewe lilimtisha kijana. Matusi yalimjaa mdomoni, yote mapya. Alitaka kumwuliza kama anajua ni nani aliyemshika mkono mara ya kwanza alipogusa winchi. Lakini aliona kofia ilivyokunjwa kifuani pa kijana, akakumbuka kwamba huyu ndiye anayewalisha wajukuu wake, akayameza matusi yale.

"Chini ya ule mkono wa kushushia kuna kipande cha mti," alisema mwishoni. "Ni cha mama mkwe wako. Ukikitoa, kirudishe."

Hakusema zaidi. Mkwe aliitikia, "Sawa, baba," akaaga kinyumenyume.

Siku zilizofuata Chapuchapu alizipitisha kwa kutazama mlango. Kila aliyepiga hodi alimfikiria ni mkwe ameleta kipande cha mti. Mke alimwambia aende bandarini akaone mwenyewe. Akasema hakanyagi. Akakaa kwenye kigoda, anayatazama maji ya ndoo yakitulia, na yalitulia kabla moyo wake haujatulia.

Siku ya sherehe mke alivaa, akamvalisha, akamshika mkono, wakaenda. Wastaafu walikuwa wameingia ndani na benchi lao, wakasogea kumpa nafasi. Alijifanya hakuwaona. Wakasimama nyuma ya viti vya wageni, jua limewaka, bendi inajaribu vyombo. Mgeni rasmi alifika, akasoma hotuba kuhusu kasi ya maendeleo, akaalikwa ageuke kutazama maji. Meneja, aliyekuwa ameshindia mambo ya viti na turubai bila kupanda tena pantoni, akainua mkono. Kule kwenye pantoni, Domo likatoka juu ya tishari limejaa mchanga, likageuka, likaanza kushuka.

Lilishuka. Watu wakatazama. Liliendelea kushuka. Bendi iliyokuwa imepewa amri ya kupiga litakapogusa maji ilishusha vyombo, ikavipandisha, ikavishusha tena. Meneja aliutikisa mkono juu kwa siri, kisha bila siri. Domo likaingia majini bila hata kuacha pete, likapotea, na waya ukaendelea kutembea kwa mwendo wa mtu anayebeba uji wa mgonjwa. Hakikuonekana chochote. Maji ya pembe ile yalikaa vile vile, ya kijani, yametulia, hayana hata wingu. Mgeni rasmi aliuliza kwa sauti ya chini kama imeshaanza. Akaambiwa ndiyo. Baada ya muda akauliza kama imekwisha.

Hawakujua wapige makofi lini, kwa hiyo mtu mmoja akapiga, wakafuata wote, na mgeni rasmi akampa Meneja mkono na kumsifu mbele ya umati kwa uangalifu ambao hajauona kwenye mradi mwingine wowote. Meneja akaitikia sifa hizo kwa unyenyekevu. Shimo nusu yake lilikuwa bado wazi chini ya maji yale, lingefunikwa taratibu wiki zilizofuata, baada ya viti vilivyokodiwa kurudishwa, na hakuna mgeni aliyelijua.

Chapuchapu alijua. Alijua tangu Domo lilipofika nusu ya njia juu ya maji kwamba mpini wa mwiko uko pale pale chini ya mkono wa winchi, na macho yakamjaa machozi ambayo hakuyafuta, kwa kuwa angeonekana. Akafurahi kuliko alivyofurahi kwa vyeti vyote. Kisha Domo likapanda kwenda kuchota mara ya pili, likageuka, likaanza kushuka tena kwa mwendo ule ule, na kabla hajajizuia, mguu wake ukaanza kutikisika.

"Lakini mbona anakawia hivyo huyu?" alisema.

Mke wake alimgeukia polepole, akamtazama kwa muda wote aliokuwa nao.

"Sasa umejua," akasema.

Chapuchapu alitafuta mahali pa kukaa, hakuna kiti kilichokuwa wazi isipokuwa lile benchi la wastaafu, akaenda akakaa hapo pamoja na mke wake, wakasubiri Domo lifike chini.